Mzee Haingii Nyumba ya Mwanawe

Watu huniuliza mke wa mwanajeshi anakaaje peke yake, nami huwajibu kwamba anakaa kama mtu mwingine yeyote: anakamua ng'ombe, anasahihisha madaftari, anagombana na watu. Jibu hilo ni la kuwafukuza. Jibu lenyewe ni refu, na linaanzia mwaka ule mume wangu alipokwenda mafunzoni nikabaki kilimani kwetu, upande wa Nyamira, na tumbo ambalo nilikuwa nimeling'oja miaka mitatu.

Alikuwa ameshajaribu jeshi mara tatu. Mara tatu alikimbia uwanjani miguu mitupu, wakamkagua meno kama ng'ombe wa mnada, wakampima kifua, wakamrudisha nyumbani. Safari ya nne wakamchukua. Mama mkwe alipiga vigelegele hadi majirani wakadhani kuna harusi. Mimi pia nilifurahi, sitasema uongo. Umri wake ulikuwa unakaribia mwisho; mwaka uliofuata hata wasingemtazama. Aliondoka na begi dogo na jozi mbili za soksi, akaniambia, "Miezi tisa tu. Utaona kama jana."

Majuma mawili baadaye nikajua nina mimba.

Nilikaa kwenye kitanda chetu nikahesabu kwa vidole. Miezi tisa yake na miezi tisa ya mtoto ilikuwa inakaribia kuwa kitu kimoja. Yaani siku ya gwaride lake la kumaliza mafunzo, mimi nitakuwa uwanjani na mtoto mgongoni. Niliipenda sana picha hiyo. Kwa miaka mitatu wanawake wa kwetu walikuwa wakinitazama kiunoni kabla ya kunisalimu usoni. Mmoja aliwahi kuniuliza kisimani, mbele ya watu, kama nimekuja kuolewa au nimekuja kusaidia kula. Nilimjibu neno ambalo mwalimu wa Kiswahili hapaswi kulijua. Sasa nilikuwa na kazi moja tu duniani, nayo ni kumlinda huyu mtoto mpaka baba yake arudi amkute.

Simu ya mume wangu ilichukuliwa siku ya kwanza pale kambini, kama simu za makuruti wote. Jumapili moja moja waliruhusiwa kupiga nyumbani, kwa zamu, dakika tatu kila mtu. Mara ya kwanza alipopiga nilimwambia habari bila hata kusalimu. Halafu akasema, "Ndiyo, afande!" Nikamuuliza, "Afande ni nani sasa?" Akacheka, sauti yake imekauka kwa kupiga kelele mchana kutwa, akasema mdomo umezoea. Kisha akasema, "Mtunze." Dakika zikaisha.

Nikamtunza. Niliacha kubeba kikapu cha majani chai nikamwachia mama mkwe, ingawa alinuna siku tatu. Shuleni nilifundisha nimekaa. Gambuti za mume wangu, zile za mpira, niliziweka nje ya mlango ili mpita njia ajue hapa pana mwanamume. Jioni nilipika chinsaga na maziwa kwa sababu kila mwanamke aliyezaa aliniambia mboga hiyo chungu inaongeza damu, nikaila hadi ikanitokea puani. Upweke ulikuwa mwingi. Mvua ya kwetu huanza saa tisa alasiri, na ukiwa peke yako ndani ya nyumba ya mabati na mvua inapiga, hata redio husikii. Nilikuwa nakaa nikilia tu, bila sababu, halafu nafuta uso naenda kukamua.

Aliyenisaidia kuliko wote ni baba mkwe. Nilimwita Tata, ndivyo tunavyomwita baba kwa Ekegusii. Alikuwa mzee wa miaka sabini hivi, mwembamba, goti la kulia limeharibika, mtu wa maneno machache. Lazima nieleze jambo moja kumhusu, maana asiyekuwa wa kwetu hataelewa. Kwetu baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Haingii, basi. Nyumba ile ina kitanda cha mwanawe na mke wa mwanawe, na kati ya mkwe na mkwe kuna haya kubwa tunayoiita ensoni. Mzee akivuka kizingiti hicho, wazee wanaamini mkosi utaangukia watoto wa nyumba hiyo, waliozaliwa na ambao bado. Hata kumkaribisha ni kumtusi.

Kwa hiyo Tata alikuwa anakuja hadi pale matone ya paa yanapodondokea, anasimama, anakohoa mara mbili. Mimi natoka. Ananipa mkungu wa ndizi, au kuni alizopasua mwenyewe, au kidumu cha maziwa, huku akitazama shamba la chai kana kwamba ndilo analozungumza nalo. "Umeamkaje, mwanangu?" "Nimeamka vyema, Tata." "Na mgeni?" Mgeni ni mtoto wa tumboni. "Anacheza." Basi, anaondoka. Nilimpenda mzee yule. Mume wangu hakuwa ameniachia mlinzi mwingine, na sikutaka mwingine.

Mimba ilikuwa na miezi saba siku ile. Ilikuwa Sabato, tena Sabato ya makambi, na sisi kule tulio wengi ni Waadventista. Wakati wa makambi, mikutano ya ibada ya kila mwaka, kilima chote huhama. Watu walikuwa wamekwenda ng'ambo ya pili ya mto, kwenye mahema, na mama mkwe alitangulia alfajiri na sufuria ya wali uliopikwa Ijumaa. Mimi nilibaki kwa sababu miguu ilikuwa imevimba. Tata alibaki kwa sababu ng'ombe alikuwa karibu kuzaa.

Saa nne hivi nilikuwa natandika kitanda. Nikasikia kitu kimeachia ndani yangu, halafu maji ya moto yakashuka miguuni. Nikatazama, si maji, ni damu. Niliita. Sikumbuki niliita nini. Nakumbuka nimeanguka kati ya kitanda na ukuta na maumivu yale yanapanda, nikaita tena, na nje nikasikia hatua za goti bovu zikikimbia.

Zikafika kwenye matone ya paa, zikasimama.

Akakohoa.

Ee Nyasae, Mungu wangu, mzee alikohoa! Mara mbili, kama siku zote. Nikapiga kelele, "Tata, ninakufa! Damu!" Nikamsikia akivuta pumzi. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, na wa chumbani pia, kwa hiyo toka nilipoanguka niliona kivuli chake sakafuni, kimefika kwenye kizingiti na kuishia hapo.

"Mwanangu, unaweza kusimama?"

"Siwezi."

"Jikokote. Fika tu mlangoni, nitakubeba mpaka barabarani. Fika tu hapa."

"Tata, ingia."

Kivuli kikarudi nyuma kidogo.

"Tata, ingia! Nakuomba ingia!"

"Siwezi kumletea mtoto mkosi," akasema. "Jikokote, mama. Mama yangu, jaribu."

Nilijikokota. Mtu asiniambie sikujaribu. Nilitoka chumbani kwa viwiko, nikapita meza, naye pale nje anaita, "Bado kidogo, bado kidogo," ametandika koti lake kwenye kizingiti na mikono ameinyoosha hadi ukingo wa mlango. Vidole vyake niliviona. Kati ya vidole vyake na vyangu pangetoshea godoro moja. Hapo nguvu zikaniishia. Nilisikia anapiga simu ya mama mkwe, anapiga ya mchungaji, anapiga ya jirani, na zote zimezimwa kwa sababu ya ibada. Halafu nikasikia anakimbia.

Mzee wa miaka sabini aliteremka hadi mtoni na kupanda ng'ambo ya pili kwa goti lile, akaingia kwenye hema katikati ya mahubiri, akapiga mayowe. Mgala muue na haki yake mpe. Wanawake waliofika walisema hajawahi kuonekana mtu mzima akilia namna ile. Walinikuta nimezirai. Walinibeba kwa blanketi hadi barabarani, gari likapatikana, tukafika hospitali mjini Kisii saa sita na kitu.

Alikuwa msichana. Alizaliwa hana pumzi.

Daktari, mwanamke mpole mwenye macho ya kukosa usingizi, alinieleza kwamba kondo la nyuma lilikuwa limebanduka, kwamba hutokea, kwamba si chai niliyochuma wala miguu iliyovimba. Nikamuuliza, "Kama ningeletwa mapema?" Alinishika mkono. Hakusema kwamba ule muda ungemwokoa mtoto. Hakusema kwamba usingemwokoa. Mimi nilihesabu. Kuteremka mtoni, kupanda, kurudi na wale wanawake: karibu saa nzima. Nimeihesabu saa hiyo mara nyingi kuliko nilivyowahi kuhesabu kitu chochote.

Tata ndiye aliyechimba kaburi, nyuma ya jikoni, kwenye migomba. Mimi nilikuwa bado hospitalini. Niliporudi nilikuta udongo umeshasawazishwa na mama mkwe ameshaosha sakafu ya nyumba yangu. Aliiosha sana. Palibaki alama tu ya unyevu pale alipomwaga maji.

Siku ya tatu Tata akaja kwenye matone ya paa. Akakohoa. Nilikaa ndani. Akakohoa tena. Mwisho akazungumza nami mimi nikiwa ndani yeye nje. Alisema, "Asiambiwe. Akisikia atatoroka kambini, namjua mwanangu. Akitoroka, basi, hakuna mwaka mwingine." Hapo hasira ilinipanda hadi masikio yakavuma. Hata kilio changu nacho nikifiche? Lakini nilikumbuka uwanja ule, mara tatu anarudi nyumbani na vumbi miguuni na hasemi na mtu. Miezi mitatu ilikuwa imebaki. Nikasema, "Sawa." Ndilo neno la pekee nililompa mzee kwa muda mrefu.

Mume wangu alipiga Jumapili iliyofuata.

"Mgeni anacheza?"

"Anacheza," nikasema.

"Anapiga teke?"

"Anapiga."

Maziwa yalikuwa yananitoka wakati huo. Nilikuwa nimejifunga leso kifuani kwa nguvu, kama mama mkwe alivyonionyesha, na bado ilikuwa imelowa. Nilisimama pale jikoni nikamweleza mateke ya mtoto, usiku upande gani, asubuhi upande gani. Mtu asinifundishe kusema uongo. Alipiga mara moja zaidi, nikaongeza chumvi nyingine. Baada ya hapo walipelekwa mazoezi ya porini na hapakuwa na simu tena.

Jinsi nilivyopita miezi ile sijui. Nilirudi shuleni. Watoto wa darasa la tano walikuwa wameambiwa wasiniulize, na wakawa wananitazama tu, wapole hata ikaniudhi. Wanawake walewale wa kisimani walininyamazia. Tata aliendelea kuleta kuni na ndizi, anaziweka, anakohoa, anaondoka bila kungoja. Sikutoka. Nilikuwa nasubiri zifike hatua zake mbali ndipo nachukua. Nilikuwa nimempa chuki yangu yote na iliyobaki nilikuwa nimeitunza kwa jambo moja: mume wangu arudi, nimweleze. Nilijua atakasirika. Nilitaka akasirike. Usiku nililala nikimsikia akimkaripia baba yake, na nilipata usingizi kwa njia hiyo tu. Mtoto nilikuwa nimempoteza, lakini nilikuwa bado na mtu mmoja duniani atakayesema kwamba mimi nilionewa.

Wiki moja kabla ya gwaride, mvua ikanyesha alasiri, na Tata akaja nayo. Alisimama chini ya paa amenipa mgongo. Mimi nilikuwa ndani karibu na mlango nachambua maharagwe. Hakukohoa.

"Nilidhani namwokoa," akasema. "Nilisimama pale nikijua nikiingia nitamuua. Sasa kila siku nauliza, mbona alikufa na sikuingia?"

Nikaendelea na maharagwe.

"Ningeingia," akasema. "Siku ile ingerudi, ningeingia. Hata na viatu."

Maneno kama hayo mzee wa kwetu hasemi. Kwa mkaza mwanawe ndiyo kabisa. Nilijua yamemgharimu nini, na sikumjibu. Nilitaka asimame nayo pale kwenye mvua. Baada ya muda akaondoka akivuta goti, na nikamwacha aende.

Tulikwenda kwenye gwaride sisi wawili, maana mama mkwe alikuwa na malaria. Tata alivaa koti jipya. Lile jingine sikuliona tena baada ya Sabato ile. Tulifika tukakaa na familia nyingine kwenye jua, bendi ikapiga, vijana wakapita mstari kwa mstari, visigino vinagonga chini kwa pamoja. Wazazi walikuwa wanalia kwa furaha. Mimi sikumtambua wangu hadi walipoachiliwa na mmoja wao akaja mbio moja kwa moja kwetu, amekonda, amekuwa mweusi, shingo imekomaa.

Alimpa baba yake mkono, akainama. Halafu akanitazama tumbo. Akatazama mgongo wangu. Akatabasamu.

"Nani? Msichana au mvulana?"

"Msichana," nikasema.

"Umemwacha na mama?"

Tata aligeuka akaenda, akajiunga na wazee wengine. Nikamshika mume wangu mkono nikampeleka nyuma ya hema la chakula, na hapo nikamwambia yote. Nilimwambia damu, nikamwambia mateke ya uongo, nikamwambia ilikuwa Sabato ya makambi. Alichuchumaa na magwanda yake mapya, akafunika uso. Nilimwacha alie. Kisha nikamweleza mlango. Hapo nilieleza polepole, sikuacha kitu: kikohozi, kivuli, koti, vidole. Nilikuwa nimeyapanga maneno hayo kwa miezi mitatu. Nikamaliza, nikangoja.

Alinyanyua uso. Hakuwa na hasira hata kidogo. Alinitazama kwa huruma, na kama mtu asiyeelewa naulizia nini.

"Sasa mzee angeingiaje?" akasema.

Nilidhani sikumsikia. Nikasema, "Amesema mwenyewe angeingia. Ameniambia. Amesema ingerudi siku ile angeingia hata na viatu."

Akasimama. Akafuta uso kwa mkono wa shati, akavaa kofia, akaitengeneza hadi ikakaa sawasawa. Akatazama upande alikokuwa baba yake, ameshika soda, anaonyeshwa kitu na mzee mwingine.

"Hilo usimwambie mtu yeyote," akasema. "Utamwaibisha."

Akanishika bega tukarudi. Kulikuwa na mpiga picha, naye akatupanga: askari katikati, mzee kulia, mimi kushoto. Akatuambia tutabasamu, na sote watatu tukatabasamu.

Picha hiyo niliitia kwenye fremu na kuitundika sebuleni, juu ya meza. Mume wangu yuko mpakani sasa, huja likizo, huitazama, huipangusa vumbi. Tata amekuwa mzee sana na goti halimpeleki mbali, lakini bado hufika kwenye matone ya paa na kukohoa, nami siku hizi hutoka nikamsalimu. Mara mbili ameniuliza, kwa kuwa hawezi kuingia kuiona, ile picha ilitokaje. Nimemwambia ilitoka vizuri. Ni suala la kuingia ndani, kuitungua na kumpelekea hatua tano, na sijampelekea.